Nilikwenda Mvumi kuuza piano ya Babu!

KAMA kuna siku nimewahi kuona noti zikinipita mbele ya pua hivi hivi, basi ni ile Jumamosi niliyokwenda Mvumi kuuza piano ya Babu. Usicheke, mpenzi msomaji. Najua unajiuliza: Mzee wa Kigogo, kijijini, chini ya mbuyu, na piano wapi na wapi? Tulia, vuta kigoda, maana kisa chenyewe kina mambo. Kinaanzia chumbani kwangu Dodoma mjini, kinakwenda mpaka Marekani, halafu kinarudi Mvumi kwenye kidole changu gumba, ambacho hivi ninapoandika kimevimba kama andazi.

Mwenzenu nilikuwa nimechacha ile mbaya. Kodi ya miezi miwili naidaiwa, mwenye nyumba ameshaanza kunisalimia kwa kukohoa, na haya magazeti tunayoyaandikia sisi wa kujitegemea yanalipa yanapojisikia. Siku hiyo nipo kibandani kwa shoga yangu anayeuza vinyago na shanga, akaingia mama mmoja wa Kimarekani, mtu mzima, nywele nyeupe, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akatazama vitu weee, mwisho akauliza kama tunaweza kumpatia piano ya vidole gumba. Akataka ya zamani iliyopigwa kweli, siyo hizi za kuuzia watalii zilizopakwa kiwi.

Shoga yangu akanitazama, nami nikamtazama. Piano ya vidole gumba, yaani ilimba! Na Babu yangu mzaa baba anayo, aliachiwa na baba yake, inaning'inia kwenye msumari ukutani Mvumi tangu sijazaliwa. Mama akasema kwa kitu cha namna hiyo yuko tayari kutoa laki tatu na nusu.

Hapo hapo kichwa kikaanza kupiga hesabu. Babu nitamwambia laki tatu. Elfu hamsini inayobaki ni cha juu, mjini shule bwana! Natubu mbele yenu leo, wasomaji wangu, lakini siku hiyo sikuona haya hata kidogo. Niliona mwenye nyumba akiacha kukohoa.

SAFARI YA MVUMI

Jumamosi asubuhi tukapanda Hiace, mimi na mama wa watu, tumebanana na madebe, kuku na mwanafunzi mmoja aliyelala begani kwangu mpaka mwisho. Kwa wasiokujua, Mvumi ipo kusini mashariki mwa Dodoma mjini, wilaya ya Chamwino, mwendo wa kilometa arobaini hivi. Vumbi jekundu, mibuyu, vilima vya mawe. Wengi wanaijua kwa hospitali ya Mvumi Misheni. Sisi wengine tunaijua kwa ugali wa uwele na mlenda wa Bibi.

Tulimkuta Babu kivulini, ameegemea ukuta.

"Mbukwa, mke wangu!" akaniita.

"Mbukwa, Babu. Shikamoo."

"Mume hapewi shikamoo. Huyu mgeni ndiye mke mwenzako?"

Bibi akasonya kutokea jikoni. "Mwache mwenzio apumue, Mzee. Mke wako mwenyewe mimi, na ghalani uwele umekwisha."

Hayo ya uwele yashike, msomaji, yatarudi. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, na ukitaka kujua maana ya mvua kukatika, usiulize wa mjini anayenunua sembe dukani.

Nikaeleza kilichotuleta. Babu hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na ilimba, akaifuta vumbi kwa kiganja.

Kwa wale waliozaliwa na redio sikioni, ngoja niwaeleze. Ilimba ni boksi la mti lililochongwa likawa na tumbo tupu. Juu yake zimepangwa ndimi nyembamba za chuma, nyingine ndefu nyingine fupi, zimebanwa zisichomoke. Unaishika kwa mikono miwili, vidole gumba vinabonyeza na kuachia, ulimi unaruka, tumbo linaitika. Ulimi mrefu sauti nzito, mfupi sauti nyembamba. Ukitaka kuirekebisha sauti unausogeza ulimi mbele au nyuma kidogo, kazi ya subira hiyo. Na kwenye tundu la tumbo panabandikwa utando mweupe, ule ambao buibui anafunikia mayai yake. Huo ndio unaoipa ilimba mlio wa kuvuma kama nyuki. Ukibanduka, ilimba inakuwa kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele.

Ya Babu ina vyuma 44. Mama akazihesabu kwa kidole, akatabasamu, akasema piano ya kwao ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36.

Nikatafsiri. Babu akafikiri.

"Yangu nusu," akasema. "Lakini yangu inabebeka."

MAKUMBUSHO YA VIBAO

Hapo ndipo mama alipotoa simu kutuonyesha picha, na hapo ndipo dili langu lilipoanza kuingia mchanga.

Alisema anatoka jimbo la Connecticut, huko Marekani, karibu na miji miwili midogo iliyopakana. Mmoja unaitwa Deep River. Wa pili unaitwa Ivoryton, na jina hilo maana yake ni mji wa pembe za ndovu. Nikadhani sikusikia vizuri, Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha kuombea maji. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mji wa pembe za ndovu, kwenye nchi ambayo ndovu pekee ni wa sarakasi!

Sababu ndiyo hii. Miji hiyo miwili ilikuwa na viwanda vya kutengeneza vibao vya piano. Deep River kulikuwa na kampuni ya Pratt, Read, na Ivoryton kulikuwa na Comstock, Cheney. Kampuni hizo ziliungana mwaka 1936. Sehemu kubwa ya pembe zilizoingia Marekani iliishia huko. Pembe ilikatwa vipande, vipande vikapasuliwa kuwa vigae vyembamba kama ukucha, vikaanikwa juani wiki kadhaa ndani ya vibanda vya vioo mpaka vikawa vyeupe pee, halafu vikagundishwa juu ya vibao vya mti. Pembe moja kubwa iliweza kutosha piano makumi. Wakati ule piano ndiyo ilikuwa televisheni ya watu. Familia ya Kimarekani iliyojiweza kidogo, sebuleni lazima iwepo, na binti wa nyumba ajue kuigusa, ndiyo apate mchumba wa maana.

Siku hizi viwanda hivyo havitengenezi tena vibao vya pembe. Katikati ya karne ya 20 plastiki ilishika nafasi, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, Tanzania yetu ikiwa mstari wa mbele kuipendekeza. Ndio mwaka ule ule wa Operesheni Uhai ya kuwasaka majangili. Kilichobaki Deep River ni kumbukumbu: nyumba ya mawe ya chama cha historia cha mji, ambamo watu huingia kutazama vipande vya pembe, vibao na picha za wafanyakazi.

Mama akatelezesha picha nyingine. Pembe zimerundikwa kama kuni, na wanaume weupe wenye masharubu wamesimama nyuma yake, vifua mbele.

Babu akaishika simu kwa mikono miwili kama anavyoishika ilimba. Akaitazama kwa muda.

"Muulize," akaniambia, "hizo pembe zilipita wapi?"

ZILIPITA HAPA HAPA

Mama hakujua vituo vyote. Alijua Zanzibar. Nami, kwa aibu ya kuzaliwa na jina la Kigogo na kujua zaidi historia ya Ulaya kuliko ya kwetu, baadaye nilikwenda kusoma. Leo nawamegea niliyoyapata.

Karne ya 19 pembe nyingi zilitoka bara, Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikaletwa pwani, Bagamoyo, kisha Zanzibar. Barabara hakuna, reli hakuna. Zilibebwa mabegani na kichwani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na wengine watumwa wasio na hiari. Kutoka Tabora hadi pwani ni miezi miwili mitatu ya kutembea. Leo treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 inakutoa Dodoma mpaka Dar kwa saa nne hivi, na bado tunalalamika viti.

Na njia hiyo ya kati ilipasua Ugogo katikati. Msafara ukitoka pwani, ukishaiacha Mpwapwa, uliingia Marenga Mkali, nyika kavu ambayo jina lake tu ni onyo: maji machungu. Waliovuka salama waliingia Ugogo, na Mvumi ni kati ya vituo vya mwanzo kabisa. Hapo palikuwa na nafaka na visima. Na pia palikuwa na mtemi, na mtemi alitaka hongo.

Usikimbilie kuwaza hongo ya siku hizi, ya kuombwa chai dirishani. Hongo ya zama zile ilikuwa ushuru wa wazi: umepita kwenye ardhi ya watu, umekunywa maji ya watu, utalipa. Henry Morton Stanley alipita Mvumi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Alilipa doti za nguo, halafu akajaza kurasa za kitabu chake kwa manung'uniko. Alinung'unika sana, lakini maji alikunywa.

Sasa sikia kichekesho. Moja ya nguo zilizolipa hongo Ugogo ilikuwa pamba iliyofumwa Marekani, ndiyo maana bibi zetu waliiita marekani mpaka jina likazoeleka. Wafanyabiashara wa huko walikuwa Zanzibar zamani sana. Mkataba wao na Sultani Said ni wa mwaka 1833, na balozi wao mdogo alifika mwaka 1837. Nguo ikapanda bara, pembe ikashuka pwani. Pembe za upande wetu zilisifiwa kuwa laini, zinafaa piano. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na kijana wa Kimarekani, Ernst Moore, amekaa Zanzibar kazi yake kununua pembe tu. Uzeeni akatoa kitabu, mwaka 1931, na kwenye jina la kitabu chenyewe akaiita pembe ya ndovu balaa la Afrika. Aliyepata riziki kwayo ndiye aliyeitaja hivyo!

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukiingia kwenye makumbusho yoyote huko majuu, ukakuta piano ya mwaka 1890 inang'aa, na maelezo yanamsifu fundi wa mbao, fundi wa nyuzi, na Bartolomeo Cristofori, yule Mtaliano aliyeibuni piano yapata mwaka 1700, utazame vile vibao vyeupe. Inawezekana sana vimeshawahi kulala Mvumi usiku mmoja, vikiwa bado ni pembe, pembeni yake amelala mpagazi mwenye bega lililochubuka. Huyo kwenye maelezo hatajwi.

BIBI ASEMA UZA

Nirudi chini ya ukuta wetu. Nilipomaliza kutafsiri kuhusu Zanzibar na misafara, Babu alicheka kidogo.

"Wazee walituambia misafara ilipita hapa," akasema. "Wakasema walipita na mizigo mirefu. Hawakusema inakwenda kutengenezwa muziki."

Akamuuliza mama, kupitia mimi: je, akiichukua hii ilimba, ataipiga?

Mama alikuwa mkweli, hilo nampa. Akasema yeye hajui kupiga. Ataiweka sebuleni kwake, na akifa ameandika kwamba vitu vyake vya Afrika wapewe watu wa makumbusho. Huko itatunzwa vizuri, kwenye kabati la kioo, hakuna mchwa, hakuna vumbi.

Nikatafsiri kila kitu. Kwenye bei tu nikajikwaa.

"Anatoa laki tatu, Babu."

Bibi akatoka jikoni, mikono ina unga. "Uza, Mzee."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Laki tatu ni magunia ya uwele. Hicho kitu kinaning'inia ukutani miaka, vidole vyako vyenyewe vimekakamaa. Nani anakipiga? Watoto wako wako Dar, wajukuu wanabonyeza simu. Kioo cha Wazungu si afadhali kuliko mchwa wa hapa?"

Jamani, Bibi alikuwa anasema kweli tupu. Mimi niliyekaa pale, mjukuu mwenye elimu ya kidato cha nne na safu gazetini, nilikuwa sijawahi hata siku moja kubonyeza chuma kimoja cha ile ilimba. Nilikuwa naijua bei yake tu.

Babu akanigeukia. "Wewe unasemaje, mke wangu?"

Elfu hamsini yangu ikaniita kwa sauti tamu. Nikafungua mdomo niseme uza. Badala yake nikajisikia nauliza: "Babu, kwani wewe ulifundishwaje?"

Akaichukua ilimba, akaanza kupiga. Taratibu, kidole cha kulia kilikuwa kinachelewa, na mara mbili alirudi nyuma kutafuta chuma. Lakini ule mlio wa nyuki ulijaa uwanja mzima. Kuku walinyamaza. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi, yule yule aliyesema uza, aliitikia chini chini huku anapangusa unga, na sauti yake haikufuata ya Babu, ilikwenda yake pembeni, zikakutana juu. Ndivyo Wagogo wanavyoimba, kila mtu na njia yake na bado hamgongani.

Alipomaliza alisema: "Nilifundishwa hivi. Baba alipiga, mimi nilitazama."

Kisha akamgeukia mama. "Hii siuzi. Nitakutengenezea mpya, yenye mlio. Elfu themanini. Ila uje uichukue mwenyewe, nikuonyeshe pa kuweka kidole. Ukaipige, siyo ukaifungie."

Nikatafsiri, na safari hii bei sikuigusa.

MWANAMKE NA ILIMBA?

Sasa usidhani mambo yakaisha kwa vigelegele. Bibi alinuna. Laki tatu imegeuka elfu themanini, tena ya wiki tatu zijazo, na ghala liko vile vile. Nikaona heri niungame: nikamwambia Babu kwamba bei ya mama ilikuwa laki tatu na nusu, na hamsini nilitaka kuifyeka. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko msafara wa Stanley.

"Basi una deni," Babu akasema. "Utalilipa kwa vidole. Utakuja ujifunze."

Bibi akaangua kicheko kwa hasira zake zote. "Mwanamke na ilimba? Mfundishe muheme!"

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanaibana katikati ya mapaja na kuipiga mpaka mwili unasisimka. Ilimba na zeze kwa desturi vilikuwa mikononi mwa wanaume. Babu mwenyewe akasita. Niliona kabisa neno limemtoka kabla hajalipima.

Nikatoa simu yangu. Kila anayejua muziki wa Kigogo anamjua marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, kijiji cha huku huku Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ilimba zake kubwa zilitikisa majukwaa ya Ulaya na kwingineko, mpaka akazunguka na Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003. Babu alimheshimu sana. Kwa hiyo nikamwekea The Zawose Queens, yaani Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha, kwa kampuni ile ile ya Real World iliyotoa kazi za mzee wao. Kwenye familia ile wanawake walikaa miaka mingi nyuma, wakiitikia na kucheza. Sasa ndio wako mbele.

Babu alisikiliza nyimbo mbili, simu ameigandisha sikioni. Nilisubiri hukumu.

"Wamefundishwa," akasema. Halafu, baada ya muda: "Wewe ukija njoo umekata kucha hizo."

MAKUMBUSHO YETU YAKO WAPI?

Tangu siku hiyo nimewaza sana haya mambo ya makumbusho. Sina ugomvi nayo. Dar es Salaam tuna Makumbusho ya Taifa tangu mwaka 1940, na Makumbusho ya Kijiji tangu mwaka 1966, ambako unaona nyumba za makabila mbalimbali. Nendeni, siyo kila wikiendi ufukweni tu! Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo la kuitambua ile njia ya kati ya watumwa na pembe. Vikatajwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mvumi haimo. Mpaka leo ukitembea Mvumi hukuti hata kibao kinachosema hapa walipita watu waliobeba muziki wa dunia mabegani. Kibao kimoja kingetosha. Watoto wa shule wangeuliza, na mwalimu ingembidi ajibu.

Lakini kuna tofauti moja ambayo ile picha ya Deep River ilinifundisha. Wale wameweka kwenye kabati kitu ambacho kimeshakwisha. Kiwanda cha pembe kimekufa, na kwa ajili ya ndovu, heri kilivyokufa. Makumbusho ndiyo mahali pake. Ilimba ya Mvumi haijafa. Nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, lililoanza mwaka 2009, uone vikundi vya vijijini vikishuka na zeze, ilimba na muheme, vumbi linavyotimka. Kitu kama hicho ukikiwahisha kwenye kioo unakizika kizima. Na ukikiacha msumarini bila mwanafunzi ni yale yale. Nilikuwa nakaribia kumlaumu mama wa Kimarekani. Yeye angalau alipanda Hiace kuifuata. Mimi iko kwa babu yangu, na nilikwenda kuipigia udalali.

Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wetu, Wagogo wakiwemo. Baadaye akatengeneza ilimba ya kisasa, akaiita Kalimba, akaiuza dunia nzima. Leo kijana wa Tokyo anaiagiza kwa simu na kujifundisha chumbani. Wewe uliye Area C, nauli ya Mvumi haifiki bei ya soda na chipsi, unangoja nini?

Mama alirudi baada ya wiki tatu kama alivyoahidi. Babu alimkalisha nusu siku nzima, akamkaripia kama mtoto, na aliondoka anajua kipande kidogo kinachojirudia. Tulipoagana akasema akifika kwao ataipiga pale pale kwenye nyumba ya mawe ya Deep River, mbele ya vile vibao, kama watamruhusu. Nikamwambia wakimkatalia aipige nje, mlangoni. Muziki hausomi saa za kufungua.

Elfu themanini ilinunua uwele, siyo wa kutosha. Uliobaki naudunduliza mimi, kidogo kidogo, na mwenye nyumba bado anakohoa. Kila Jumamosi ya pili niko Mvumi, kucha nimekata. Kidole cha kulia cha Babu kinazidi kuwa kizito, kwa hiyo siku hizi tunapiga wawili ilimba moja: yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia. Naharibu sana. Bibi anasema nikipiga mimi mbuzi wanakimbia, lakini juzi nilimsikia anaitikia kule jikoni, na aliponiona namtazama akakatisha, akajifanya anakoroga mlenda.

Haya, msomaji wangu, na wewe: kwenu ukutani kunaning'inia nini? Kishushe leo, kabla mtu kama mimi hajaja kukuulizia bei. Tukutane wiki ijayo, kidole kikipona.